Kura ya Kumrudisha Malimi

Maige, mwenyekiti wa kijiji cha Mwakilulu, hakuwa na haraka na barua za serikali. Ile ya chanjo ya ng'ombe aliikalia wiki tatu, na ile ya vyoo vya shule mke wake aliifungia karanga. Lakini barua iliyoletwa Jumanne kutoka Bariadi aliisoma palepale, akaikunja vizuri, akapanda baiskeli kwenye jua la saa nane kuipeleka kwa Felisita. Alifika amelowa jasho mpaka kwenye mkanda.

"Mwadila, mayu," alisalimia, na kabla hajaitikiwa akawa ameshavuta kigoda.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola sana. Leo habari ni njema kabisa."

Felisita alikuwa kibarazani anachambua pamba, safi anaiweka kwenye turubai, fifi, ile chafu, anaitupa kwenye debe. Alitumia mkono wa kulia tu. Wa kushoto ulikuwa umelala pajani, kwa sababu tangu uvunjwe mahali pawili haukunyooka tena, na akiulazimisha kazi unauma mpaka begani.

"Malimi anarudi," alisema Maige.

Mkono wa kulia ukasimama. "Alifungwa miaka mitatu. Haijafika hata miwili."

"Serikali imepunguza. Magereza yamejaa, watu wanalala ubavu, wanageuka kwa amri. Sasa wafungwa wa makosa madogo madogo wanarudishwa kumalizia vifungo vijijini. Asubuhi atafagia zahanati, jioni yuko na sisi."

"Makosa madogo madogo," alisema Felisita.

Maige aliutazama ule mkono, kisha akawatazama kuku. "Hiyo ni lugha ya ofisini. Ijumaa anakuja afisa kutoka mjini, mwanamke, anaitwa Bi Matilda. Ataitisha mkutano atuulize kama tunampokea. Sisi tunampokea. Wewe utasema tu kwamba umesamehe, yaishe."

Hiyo "jioni yuko na sisi" ndiyo iliyomleta Maige mbio. Malimi alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma ya kijiji, na ngoma za baada ya mavuno zilikuwa zimebakiza wiki tatu. Usukumani wachezaji wamegawanyika pande mbili, Bagalu na Bagika, na pande hizo hupambana kwenye uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Watazamaji wanahamia wanakoona utamu, na mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Mwakilulu ni Bagalu. Mwaka jana, bila Malimi, walipambana na Bagika wa Malampaka, na ilipofika saa kumi upande wa Mwakilulu walikuwa wamebaki wapiga ngoma wenyewe, mlevi mmoja aliyelala, na diwani, ambaye asingeweza kuondoka kwa kuwa ndiye aliyekuwa mgeni rasmi. Maige alikuwa kwenye ngoma kubwa. Msiba wa baba yake ulimpita mapema kuliko aibu hiyo.

Na Malimi alifungwa kwa ajili ya ngoma hiyohiyo. Alitaka kumpelekea mganga dume lao la mwisho la kulimia, alipie dawa ya kuvuta watu. Felisita akashika kamba, akakataa kuiachia, na Malimi akatumia fimbo. Hospitali walitaka kwanza PF3, ile fomu ya polisi, naye akaenda kituoni kuiomba akidhani ni karatasi ya kutibiwa tu. Polisi wakauliza nani kakuumiza, akamtaja. Kesi ikatembea yenyewe mpaka mwisho. Kijiji hakikuwahi kusema kwamba Malimi alivunja mtu mkono. Kilisema Felisita amemfunga manju, na kisimani wakamwita Mama PF3.

"Nitafikiri," Felisita alimwambia Maige.

"Ufikiri nini, mayu? Ni mumeo." Alisimama, akajipangusa jasho kwa kiganja. "Ijumaa, saa nne. Usichelewe, wewe ndiye mwenye shughuli."

 

Domitila, mama yake Malimi, alipata habari akiwa shambani, akarudi mbio na jembe begani, mwanamke wa miaka sabini. Hakuficha furaha yake. Alipiga vigelegele peke yake katikati ya uwanja, kisha akaingia kwenye kibanda chake, akatoka na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ambayo wajukuu hawakujua kama ipo. Aliichemsha na karanga jioni ileile, ili aone kama bado anaipatia namna mwanawe anavyoipenda.

"Usinikasirikie, mkamwana," alisema walipokaa kula. "Nilizaa wanne. Amebaki huyo."

"Sijakasirika, mayu."

"Atakuwa amejifunza. Jela inafundisha."

"Ulipokwenda kumwona mwezi wa pili, alisemaje?"

Domitila alitafuna kwa muda mrefu. Hakujaliwa kipaji cha kusema uongo. "Aliuliza dume liko wapi."

"Na mimi?"

"Alisema utamtambua."

Flora, binti wa miaka kumi na tano, mkubwa wa watoto watatu wa mji huo wa Malimi, alikuwa anasikiliza. Alimaliza ugali wake, akaosha vyombo, kisha akachukua mchi wa kutwangia, akaupeleka chumbani anakolala na mama yake na kuusimamisha nyuma ya mlango. Bibi yake alimfuata kwa macho kwenda na kurudi. Baada ya hapo Domitila hakugusa tena michembe.

"Akirudi hapa," alisema Felisita, "mimi na watoto tunaondoka siku hiyohiyo. Kaka yangu yupo Kiloleli."

"Na shamba? Na pamba yako yote hii?"

"Shamba ni la ukoo wenu. Pamba nitawaachia mchambue."

Alisema kwa upole, kama mtu anayetaja njia ya kwenda mnadani, na hapo Domitila akajua kwamba jambo hilo limefikiriwa siku nyingi. Felisita alikuwa na hofu. Hofu hiyo ilimtia aibu, kwa sababu alimwogopa mtu aliyemzalia watoto watatu, na kwa sababu huyu mama mzee aliyemkandia mkono kwa maji ya moto mwezi mzima ndiye aliyekuwa anaosha bakuli la kumpokelea.

 

Kisimani kulitokea muujiza. Wanawake ambao kwa mwaka na nusu walikuwa wanapitisha ndoo zao mbele ya ndoo ya Felisita, sasa walimsogezea yake mpaka mdomoni mwa pampu. Mmoja alimpampia. Mwingine alimwita Mama Flora, kisha akatazama chini kama aliyesahau jina lililozoeleka. Walimwuliza hali ya mkono. Felisita aliwaambia unaendelea, akajitwisha ndoo yake, na njiani akagundua kwamba heshima ile imemwumiza kuliko yale matusi.

Alhamisi akaja diwani Athanasi kwa pikipiki, na sukari kilo mbili na kitenge kilichobaki kwenye kampeni. Kitenge kilikuwa na picha yake katikati.

"Nimehangaika sana huko juu kwa ajili ya mumeo," alisema akishakaa. Habari hiyo alikuwa ameipata juzi kwa Maige, kwa simu iliyokatika mara mbili.

"Uliongea na nani huko juu?"

"Huko juu ni juu, Mama Flora. Hakuna majina." Alipokea chai, akatia sukari aliyoileta mwenyewe, vijiko vinne. "Kesho unatakiwa maneno matatu tu: nimesamehe, sina kinyongo. Afisa anaandika, tunapiga makofi, tunafunga mkutano."

"Na akinivunja wa kulia?"

"Hatakuvunja. Nitaongea naye."

"Wakati ule mbona hukuongea naye?"

Diwani alicheka, akaomba kikombe cha pili. Alipomaliza hicho alishusha sauti, akawa kama ndugu. "Nakuambia hili kwa sababu nakuheshimu. Ukikataa kesho, watu watauliza unakaa kwenye mji wa nani. Ardhi ya nani. Wewe ni mtu wa kuja, Mama Flora, hata baada ya miaka kumi na sita."

Felisita alikikunja kitenge mara nne, akamrudishia. "Chukua, mheshimiwa. Nikikishona sketi sijui uso wako utakuwa upande gani."

Diwani alikichukua kitenge, na sukari iliyobaki akaichukua pia.

 

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la pamba la chama cha msingi, na watu walijaa mpaka juu ya magunia. Mkutano wa vyoo vya shule ulipata watu tisa. Bi Matilda, afisa wa huduma za uangalizi, mama wa makamo mzaliwa wa Mbeya, vumbi la barabara likiwa limemfika mpaka kwenye nyusi, alisimama mlangoni akauliza kama kuna harusi.

"Ni uzalendo," alisema Maige.

Bi Matilda aliwekewa meza. Akafungua jalada, akaeleza kwa Kiswahili cha kunyooka. "Naandika ripoti, na ripoti inataka mambo matatu. Jamii inasemaje, aliyetendewa kosa anasemaje, na mfungwa atapokelewa na nani. Mkisema hamna pingamizi, na akipata wa kumpokea, huenda akatoka. Mkisema ni hatari, nitaandika ni hatari, na atamalizia alipo."

Diwani alizungumza kwanza, dakika ishirini, kuhusu serikali sikivu na nguzo za utamaduni. Akafuata Maige.

"Malimi ni mtu mpole sana," alisema. "Nimekaa naye kwenye ngoma miaka kumi na miwili, sijamwona amekasirika."

"Isipokuwa siku ile," mtu mmoja alisema kutoka kwenye magunia.

"Ile ilikuwa siku moja."

Bi Matilda akaomba wasio na pingamizi wanyooshe mikono. Mikono ikapanda ghala zima, mingine miwili miwili. Wa kwanza kupanda ulikuwa wa Domitila. Felisita, aliyekuwa amekaa karibu naye, aliuona ukipita mbele ya macho yake na moyo ukamwuma, ingawa hakuwa na haki ya kutegemea kitu kingine.

"Aliyetendewa kosa yupo?"

Felisita akasimama. Alikuwa ameandaa maneno mengi na yote yakapotea. "Ni mimi. Namwogopa. Sitaki arudi."

Ghala likaguna. Maige alisimama haraka. "Mheshimiwa afisa, huyo ni mmoja. Sisi hapa ni mia mbili."

"Mliovunjwa mkono ni wangapi?" aliuliza Bi Matilda akiendelea kuandika, na Maige akakaa. "Haya, jambo la tatu. Mke hampokei. Nani anampokea? Nataka jina, nyumba na sahihi. Akikosea, mtu wa kwanza nitakayemtafuta ni aliyesaini."

Mikono ambayo haikuwa imeshuka vizuri ikashuka sasa. Watu walianza kutazama dari la ghala, ambalo halikuwa na kitu. Maige alimtazama mke wake, mke wake akamtazama yeye, na mashauriano yakaishia hapo.

"Kwangu pamejaa," alisema Maige.

"Mimi niko safarini mara kwa mara," alisema diwani, ingawa hakuna aliyemwuliza.

"Basi hana wa kumpokea," alisema Bi Matilda.

"Yupo," alisema Maige, na uso wake ukachangamka kwa jinsi jambo lilivyokuwa rahisi. "Tunahangaika nini? Mama yake mzazi huyu hapa, anakaa kwenye mji uleule. Mji wenyewe ni wa Malimi. Bibi asaini, mtu arudi kwake, na asiyetaka anajua njia aliyojia."

Watu walipiga makofi. Felisita akakaa chini. Alianza kuhesabu kichwani vitu vya kubeba: magodoro mawili, sufuria, madaftari ya watoto, mchi. Hakumlaumu mama mkwe wake. Mtu na mwanawe wa pekee.

Domitila alisimama taratibu, akafunga kanga yake upya kiunoni.

"Nitampokea," alisema. "Ni mwanangu, nimemkosa, silali. Lakini siyo pale. Pale kuna watoto wanaolala na mchi nyuma ya mlango. Mimi nimezaliwa Malampaka. Kaka yangu Januarius ana nyumba mbili karibu na stesheni, moja haina mtu. Nitahamia huko, nikae na mwanangu, nimpikie, mpaka siku zake ziishe. Andika Malampaka."

Felisita aligeuka kumtazama. Bi Matilda alikuwa ameshaanza kuandika.

"Huko kuna mahali pa kufanyia usafi?"

"Kuna kituo cha afya. Kina uwanja mkubwa."

"Itawezekana. Sheria haidai arudi kijiji kilekile. Mwenyekiti, kijiji chako kimeshasema hakina pingamizi, kwa hiyo..."

"Malampaka ni Bagika," ilisema sauti ileile ya kwenye magunia.

Hata wanawake waliokuwa wananyonyesha waliinua vichwa.

"Bagika ni chama gani?" aliuliza Bi Matilda. "Sijakisikia kwenye uchaguzi."

"Malimi ni Mgalu," mzee mmoja alisema kwa wasiwasi. "Hawezi kuimba kwa Bagika."

"Mama yake amezaliwa Bagika," alijibu mwingine. "Wajomba zake wote ni Bagika. Wakimpa chakula na mahali pa kulala, ataimba nini? Ataimba shibe."

Maige alikuwa amesimama, amekaa, na amesimama tena. Kichwani alikuwa ameshauona uwanja, saa kumi, na sauti ya Malimi ikitoka upande wa pili. "Mheshimiwa afisa," alisema, "naomba ile kura ya kwanza irudiwe. Wananchi hawakuelewa swali."

"Swali lilikuwa kama mna pingamizi."

"Ndiyo hilo. Tunalo. Huyu mtu, ukweli lazima usemwe, ana hasira."

"Umesema miaka kumi na miwili hujamwona amekasirika."

"Anazificha. Hao ndio wabaya." Akageuka. "Mayu Felisita, hebu simama. Nyoosha mkono huo, afisa auone."

Felisita alisimama. Aliinua mkono wa kushoto mpaka ulipokomea, ukiwa umepinda kwenye kiwiko na juu ya kifundo, akaushikilia hapo. Kwa mwaka na nusu hakuna mtu wa Mwakilulu aliyeomba kuuona. Sasa watu walisogea, wakaguna, wakatikisa vichwa, na mwanamke aliyeanzisha jina la Mama PF3 akasema kwa sauti kwamba huu ni unyama na sheria ifuate mkondo wake. Felisita alitaka kumcheka, lakini machozi yalikuwa karibu zaidi.

Diwani naye aliomba nafasi. Alisema serikali yetu sikivu haina haja ya kuharakisha mambo.

"Wanaoona mfungwa bado ni hatari?" aliuliza Bi Matilda, na mikono ikapanda ghala zima, mingine miwili miwili. Katika kazi yake alikuwa ameona vijiji vinavyosamehe na vijiji visivyosamehe, lakini vyote viwili ndani ya saa moja hakuwahi. Aliandika, akagonga mhuri wa kijiji uliokuwa umeshaletwa tangu asubuhi kwa ajili ya jibu jingine, na kabla ya kuondoka akampa Felisita karatasi yenye namba yake ya simu.

"Mama," alimwambia Domitila, "nimeandika pia kwamba wewe ulikuwa tayari. Pole."

"Wabeja," alishukuru Domitila.

 

Walirudi nyumbani kwa miguu, Domitila mbele, Felisita nyuma, hatua kumi katikati yao. Kwenye ukingo wa shamba la pamba Domitila alisimama, akashika kifua, akaketi kwenye tuta. Kisha akalia kwa sauti, mdomo wazi, kama wanavyolia watu msibani. Felisita alikaa karibu naye. Alikuwa amefarijika, na kufarijika huko mbele ya kilio kile kulimtia haya.

"Mayu," alisema kilio kilipopungua. "Ulijua watakataa?"

"Nimecheza Bagika kutoka utoto mpaka nilipoolewa. Mwaka ule wa kwanza hapa walikataa nisichote maji mpaka niwafichulie wimbo wetu mmoja. Nisiwajue?"

"Na wangekubali?"

"Ningekwenda. Nguo nimezifunga tangu jana, ziko chini ya kitanda, ukafungue uone." Alijifuta pua kwa upindo wa kanga. "Lakini nilijua. Nilijua nikinyoosha mkono wa kwanza watanyoosha wote, na nikisema Malampaka watashusha wote. Watu wanasema wewe ndiye uliyemfunga mwanangu. Siyo kweli. Ni mimi, leo, mbele ya mia mbili, na nilikuwa na akili zangu."

Felisita aliuweka mkono wake uliopinda juu ya mgongo wa mama mkwe wake, nao ukatulia hapo bila kuuma sana. Kwa mbali, upande wa kwa Maige, walikuwa wameanza mazoezi, na mtu fulani alikuwa anajaribu kuimba mahali pa Malimi na hawezi.

"Jumapili ni siku ya kuwaona wafungwa," alisema Domitila. "Nitampelekea ile michembe."

"Atakuuliza imekuwaje. Utamwambia nini?"

Domitila aliinuka, akakung'uta udongo.

"Nitamwambia kijiji kimekataa," alisema. "Si ndivyo ilivyoandikwa? Tena ina mhuri."